Safari ya Argo na Ngozi ya Dhahabu

Kisa cha Jason, shujaa wa Kigiriki, kinaanzia kwenye njama ya mama wa kambo. Athamas, mfalme katika nchi ya Boiotia, alikuwa na watoto wawili, Phrixos na Helle, aliowazaa na Nephele. Baadaye alimwoa Ino, naye Ino hakutaka watoto wa mwenziwe warithi chochote. Aliwashawishi wanawake wa nchi wakaange kwa siri mbegu za nafaka kabla hazijapandwa. Mashamba yakakataa kuota. Mfalme akatuma watu kwenda kuuliza Delphi, nao wakiwa wamekwisha kuhongwa walirudi na jibu la uongo: njaa haitaondoka mpaka Phrixos achinjwe awe kafara kwa Zeus. Kijana alipofikishwa madhabahuni, alitokea kondoo dume mwenye manyoya ya dhahabu, akambeba yeye na dada yake na kuruka nao kuelekea mashariki. Helle aliteleza akaanguka katika mlango-bahari unaotenganisha Ulaya na Asia, ule unaoitwa leo Dardanelles, nao Wagiriki wakaupa jina lake. Phrixos alifika Colchis, mwisho kabisa wa Bahari Nyeusi, akapokewa na Mfalme Aietes, mwana wa Jua. Kondoo yule alichinjwa kwa shukrani, na ngozi yake ikatundikwa juu ya mti wa mwaloni katika msitu wa Ares, mungu wa vita, chini ya ulinzi wa joka lisilolala.

Katika mji wa Halos, kusini mwa Thessaly, mambo haya yalikuwa na sheria yake. Mwanahistoria Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 KK, anaeleza kwamba kila mzaliwa wa kwanza katika ukoo wa Athamas alikatazwa kukanyaga jumba la baraza la mji. Watu wa mji wenyewe walilinda mlango. Akiingia, hakutoka ila kwa kupelekwa kuchinjwa, akiwa amevikwa vitambaa vya kafara mwili mzima na kusindikizwa kwa maandamano. Wengi wa ukoo huo walikimbilia nchi za mbali kwa hofu. Mwaka 480 KK, Xerxes, mfalme wa Uajemi, alipopita hapo na jeshi lake, viongozi wa njia walimsimulia habari hiyo. Akakiepuka kichaka kitakatifu cha Zeus na kuwaamuru askari wake wakiepuke pia. Kwa hiyo yule kondoo wa dhahabu anatoka katika mazingira ya ibada ya kutisha iliyokumbukwa vizuri, na safari ya kuirudisha ngozi yake ilihusu deni la damu kabla ya kuhusu mali. Pindar, mshairi wa karne hiyohiyo, anasema wazi kwamba ilibidi roho ya Phrixos irudishwe nyumbani pamoja na ngozi.

Aliyetumwa kuirudisha alitoka Iolkos, mji wa bandari uliokuwa ndani ya ghuba palipo leo mji wa Volos. Pelias alikuwa amempokonya kiti cha enzi Aison, ndugu yake wa mama mmoja. Mtoto wa Aison alifichwa mlimani Pelion, akalelewa na Cheiron, kiumbe nusu mtu nusu farasi aliyejua uganga na muziki. Pelias alikuwa ameonywa na kauli ya mungu ajihadhari na mtu atakayemjia akiwa na kiatu kimoja. Siku moja akatokea sokoni kijana mgeni mwenye nywele ndefu, ngozi ya chui mabegani na kiatu katika mguu wa kulia tu. Huyo alikuwa Jason. Kwa mujibu wa mshairi Apollonius wa Rhodes, kile kingine kilibaki katika tope la mto Anauros. Pelias hakuthubutu kumuua mbele ya watu, akaona heri amtume mahali pasiporudika: alete Ngozi ya Dhahabu, kisha apewe ufalme.

Iolkos ya kweli ilikuwako. Katika eneo la Dimini, kilomita chache kutoka Volos, wanaakiolojia wamefukua majengo makubwa ya zama za Mycenae, yakiwa na maghala na karakana, yaliyoachwa mnamo mwaka 1200 KK. Hilo halithibitishi kuwapo kwa Jason. Linaonyesha tu kwamba kisa hiki kilishikamana na mahali palipokuwa na nguvu na utajiri kabla ya Wagiriki kuanza kuandika kwa alfabeti yao.

Ukongwe wa kisa unajulikana pia kwa namna Homer anavyokigusa. Katika Odyssey, Argo ya Jason inatajwa kwa kupita tu, kama merikebu inayojulikana na kila mtu, iliyoponea kwenye miamba ya hatari ikitoka kwa Aietes. Katika Iliad, meli za mvinyo zinafika Troia kutoka kisiwa cha Lemnos, zimetumwa na Euneos mwana wa Jason. Mshairi anawatarajia wasikilizaji wake wajue habari yote. Lakini nchi aliyoiendea Jason bado haikuwa Colchis. Mimnermus, mshairi wa karne ya 7 KK, anaiita Aia na kuiweka kwenye ukingo wa bahari inayoizunguka dunia, mahali ambapo miale ya jua imehifadhiwa katika chumba cha dhahabu. Ilikuwa nchi ya macheo, isiyo na bandari wala jirani.

Kilichoibadilisha Aia kuwa nchi ya kweli ni biashara ya bahari. Kuanzia karne ya 7 KK, Wagiriki wa mji wa Miletos, katika pwani ambayo leo ni ya Uturuki, walianza kujenga vituo kuzunguka Bahari Nyeusi: Istros karibu na mdomo wa Danube, Sinope kwenye mwambao wa kusini, na baadaye Phasis na Dioskurias upande wa mashariki. Walitafuta nafaka, samaki, mbao, madini na watumwa. Walipofika mwisho wa bahari, chini ya milima ya Caucasus, wakakuta mto mkubwa, nchi yenye misitu na habari za dhahabu, wakasema hapa ndipo. Kuanzia hapo Aietes akawa mfalme wa Colchis, na kila kituo njiani kikajipatia kipande cha kisa. Utenzi mrefu wa Apollonius wa Rhodes, ulioandikwa Aleksandria katika karne ya 3 KK na wenye mistari zaidi ya 5,800, unasomeka sehemu nyingi kama mwongozo wa nahodha: rasi hii, mto huu, kabila hili, kaburi la nani liko wapi. Apollonius alikuwa msimamizi wa Maktaba kuu ya Aleksandria, na maandishi ya kijiografia ya karne tatu yalikuwa mikononi mwake.

Merikebu yenyewe ilijengwa na fundi Argos kwa misonobari ya mlima Pelion, mungu wa kike Athena akisimamia kazi. Katika omo alitia kipande cha mwaloni mtakatifu wa Dodona, chenye uwezo wa kusema. Kwa kuwa mabaharia walikuwa zaidi ya hamsini, Wagiriki waliifikiria Argo kuwa chombo cha makasia hamsini, ishirini na tano kila ubavu, urefu wa takriban mita 30, chenye mlingoti mmoja na tanga moja la mraba. Vyombo vya namna hiyo ndivyo vilivyowabeba Wagiriki wa karne ya 7 na ya 6 KK kwenda ugenini. Vilipita maji mafupi, viliweza kuvutwa ufukweni usiku, na wapiga makasia walikuwa ndio hao hao askari.

Orodha ya waliopanda ni ndefu na haifanani kati ya mwandishi na mwandishi. Herakles yumo. Yumo Orpheus, ambaye kinubi chake kiliwapa wapiga makasia mwendo wa pamoja. Kastor na Polydeukes, mapacha wa Sparta. Zetes na Kalais, wana wa upepo wa kaskazini. Peleus, baba wa Achilles. Tiphys, mshika usukani. Karibu kila mji wa Ugiriki ulitaka babu yake awe amepanda Argo, kwa hiyo majina yaliongezeka kadiri miji ilivyoongezeka. Kwenye mchongo wa mawe uliotolewa Delphi na watu wa Sikyon, mnamo 560 KK, Argo inaonekana na Orpheus akiwa amesimama ndani yake. Hiyo ni mojawapo ya picha za kale kabisa za safari hii.

Apollonius anasimulia namna kiongozi alivyopatikana, na tukio hilo linastahili kutazamwa vizuri. Jason anawaambia wenzake wachague aliye bora kuliko wote. Wote kwa sauti moja wanamtaja Herakles. Herakles, bila kuinuka alipoketi, ananyosha mkono na kukataa, na anasema hatakubali mwingine yeyote asimame isipokuwa yule aliyewakusanya. Jason anaongoza kwa ridhaa. Hana nguvu za Herakles wala ujanja wa Odysseus. Mara kwa mara mshairi anamwonyesha amekaa kimya, amekwama, hajui la kufanya. Uwezo wake ni kuwaweka pamoja watu walio hodari kuliko yeye, na kuomba msaada bila kuona haya. Wasomaji wengi wamemdharau kwa hilo. Ni dharau isiyo ya haki, maana chombo cha makasia hamsini hakiendeshwi na shujaa mmoja.

Kituo cha kwanza kikubwa kilikuwa Lemnos, ambako wanawake walikuwa wamewaua waume zao, na malkia Hypsipyle akampokea Jason. Huko ndiko alikozaliwa yule Euneos wa mvinyo. Walipovuka Dardanelles walifika kwa Kyzikos, mfalme kijana wa kabila la Doliones, aliyewakirimu vizuri. Walipoondoka, upepo uliwarudisha usiku kwenye ufuko uleule bila wao kuutambua, wenyeji wakawadhania maharamia, na katika mapigano ya gizani mfalme akauawa na wageni wake mwenyewe. Msiba huu wa kutotambuana ni mojawapo ya sehemu bora za utenzi wote. Mbele zaidi, kwenye pwani ya Mysia, kijana Hylas, kipenzi cha Herakles, alikwenda kuchota maji akavutwa kisimani na mabinti wa maji. Herakles alibaki akimtafuta, na Argo ikaondoka bila yeye. Mwanajiografia Strabo, aliyezaliwa Amaseia karibu na Bahari Nyeusi, anaandika kwamba hadi zama zake, mwanzoni mwa karne ya 1 BK, watu wa Prusias walikuwa na sikukuu ya kuzurura milimani wakimwita Hylas kwa jina.

Polydeukes alimshinda kwa ngumi Amykos, mfalme aliyewalazimisha wageni wote kupigana naye. Kisha wakamkuta Phineus, mwonaji kipofu, ambaye kila alipoandaliwa chakula, Harpies, ndege wenye nyuso za wanawake, waliteremka na kukinyakua, na kuacha uvundo uliofanya mabaki yasiweze kuliwa. Wana wa upepo wakawafukuza. Kwa shukrani, Phineus aliwaeleza njia iliyobaki, rasi kwa rasi.

Hatari aliyoionya kwanza ilikuwa Symplegades, miamba miwili iliyosimama penye mdomo wa Bahari Nyeusi, ikigongana kila kitu kilipopita katikati. Aliwaagiza watangulize njiwa. Njiwa akapita, miamba ikamkata manyoya ya mkia. Argo ikafuata kwa nguvu zote za makasia. Mawimbi yaliikamata katikati, makasia yakapinda, hadi Athena alipoishika miamba kwa mkono mmoja na kuisukuma merikebu kwa mwingine. Ncha tu ya pambo la tezi ndiyo iliyobanwa na kukatika. Tangu siku hiyo miamba imetulia, maana ilikuwa imeandikiwa kukwama mara mtu atakapoipita akiwa hai.

Bosporus ndiyo iliyozaa miamba hiyo. Ni mlango-bahari wenye urefu wa kilomita 30 hivi, na penye wembamba kabisa ni kama mita 700. Danube, Dnieper na Don humimina katika Bahari Nyeusi maji mengi kuliko yanayoweza kukaushwa na jua, na ziada yote hutafuta njia ya kutokea hapo. Maji ya juu hukimbia kuelekea kusini, kwa kasi ya noti tatu au nne na zaidi penye kona, huku maji mazito ya chumvi yakirudi kaskazini chini yake. Majira ya kiangazi, ndiyo majira pekee ambayo Wagiriki walisafiri kwa amani, upepo huvuma mara nyingi kutoka kaskazini mashariki, yaani usoni mwa mtu anayeingia. Kwa tanga peke yake chombo cha kale kingeweza kungoja wiki kadhaa. Mwaka 1948 mtaalamu Rhys Carpenter alitoa hoja kwamba Wagiriki hawakuweza kuingia Bahari Nyeusi hadi walipopata chombo cha makasia hamsini. Wengine wamempinga, wakionyesha kwamba kando ya ufuko kuna maji yanayorudi nyuma ambayo nahodha mjuzi huyatumia. Vyovyote iwavyo, kupita hapo kwa mara ya kwanza kulihitaji mikono mingi na roho ngumu. Strabo anavitaja visiwa viwili vidogo vya mawe penye mdomo huo, kimoja upande wa Ulaya na kingine upande wa Asia, umbali wa stadia kama 20, yaani chini kidogo ya kilomita nne. Ule mwamba wa Ulaya uko hadi leo kijijini Rumelifeneri, na juu yake pana kitako cha nguzo ya zama za Kirumi.

Baada ya hapo mwambao wa kusini unasimuliwa haraka. Tiphys alifariki kwa ugonjwa na usukani ukapewa mwingine. Walipita nchi ya wanawake wapiganaji, Amazons, na kisiwa cha Ares kilichojaa ndege wenye manyoya makali kama mishale. Xenophon, aliyepita pwani hiyo na mabaki ya jeshi la Wagiriki elfu kumi mwaka 400 KK, anataja ufuko wa Jason, ambako inasemekana Argo ilitia nanga, na anasema kwamba wakati huo huko Phasis alitawala mtu wa uzao wa Aietes. Kwa askari hao kisa kilikuwa habari ya majirani.

Colchis ilikuwa bonde la mto Phasis, ambao leo unaitwa Rioni na unaingia baharini penye mji wa Poti, nchini Georgia. Mmoja wa waandishi wa tiba wa shule ya Hippocrates aliieleza nchi hiyo kwa makini: mabwawa, joto, mvua kubwa majira yote, ukungu usiokwisha, watu wanajenga nyumba za miti na matete majini na kutembeleana kwa mitumbwi ya gogo moja, kwa kuwa mifereji ni mingi. Strabo anataja mbao za kujengea meli, kitani, katani, nta na lami. Dioskurias, soko la kaskazini zaidi, lilikusanya makabila 70 yenye lugha mbalimbali, na mwandishi wa Kirumi Pliny anasema Warumi walifanya shughuli zao hapo kwa wakalimani 130. Herodotus aliamini kwamba watu wa Colchis walitokana na jeshi la Sesostris, Farao wa Misri, kwa sababu walikuwa weusi, wenye nywele za kipilipili, walitahiri, na walifuma kitani kwa namna ya Wamisri. Pindar naye anawaita watu wenye nyuso nyeusi. Akiolojia inaonyesha utamaduni uliokua hapohapo Caucasus tangu Zama za Shaba, lakini maneno ya Herodotus yanabaki kuwa ushahidi wa jinsi Wagiriki walivyojitahidi kuipanga nchi hiyo ya mbali miongoni mwa zile walizozijua.

Huko Aietes alimpa Jason kazi ya kumuua: awafunge nira mafahali wawili wenye kwato za shaba wanaopumua moto, alime nao shamba la Ares, apande meno ya joka, na awaue askari watakaoota kutoka ardhini, yote kwa siku moja. Jason angekufa asubuhi hiyo kama si Medea, binti wa mfalme na kahini wa mungu wa kike Hekate. Apollonius anatumia sehemu kubwa ya kitabu cha tatu kati ya vinne kuyaeleza mahangaiko ya binti huyo: anaamka, anafika mlangoni kwa dada yake, anarudi, anafungua sanduku la dawa ili anywe sumu, analifunga tena. Hakuna mshairi wa Kigiriki kabla yake aliyekaa muda mrefu hivyo ndani ya nafsi ya msichana anayechagua kati ya baba yake na mgeni. Mwishowe alimpa Jason dawa ya mmea ulioota penye matone ya damu ya Prometheus, ajipake mwilini na kwenye silaha. Akamfundisha kuwarushia jiwe katikati wale askari wa ardhini ili wauane wenyewe. Na usiku uliofuata yeye ndiye aliyelilaza joka, kwa kuimba na kulinyunyizia dawa machoni kwa tawi la mreteni, huku Jason akiiteremsha ngozi mtini.

Kwenye kikombe kilichochorwa na Douris, mapema katika karne ya 5 KK, ambacho kimehifadhiwa katika makumbusho ya Vatican, mambo ni tofauti. Jason ananing'inia kinywani mwa joka, mikono na kichwa vikiwa vimelegea, na Athena amesimama mbele akiangalia. Ngozi imetundikwa nyuma. Medea hayumo, na hakuna maandishi yaliyosalia yanayosimulia kwamba shujaa alimezwa na kutapikwa. Kumbe palikuwa na Jason wengine, ambao kazi ya Apollonius na ya Euripides, mtunzi wa tamthilia, iliwafunika.

Wagiriki wenyewe walianza mapema kujiuliza ngozi hiyo ilikuwa nini. Mwandishi mmoja alidai kwamba Kondoo lilikuwa jina la mlezi wa Phrixos, aliyechinjwa na ngozi yake kupakwa dhahabu. Maelezo ya Strabo yana uzito zaidi. Anasema katika nchi ya Soanes, watu wa milimani juu ya Colchis, vijito huteremsha dhahabu, na wenyeji huinasa kwa mabirika yenye matundu na kwa ngozi zenye manyoya. Hapo, anasema, ndipo kilipotoka kisa. Mwanahistoria Appian anarudia habari hiyo akieleza kampeni ya jemadari wa Kirumi Pompey mwaka 65 KK, alipomfuata Mfalme Mithridates hadi Colchis: ngozi za kondoo wenye manyoya marefu hutandikwa kijitoni, chembechembe zikanaswa. Ni kanuni nyepesi. Dhahabu ni nzito kuliko mchanga, na mafuta ya sufu huisaidia kushika. Ngozi ikiisha kujaa hukaushwa na kukung'utwa. Wajukuu wa Soanes ni Wasvan wa Svaneti, kaskazini mwa Georgia. Huko Vani, ndani ya bonde la Rioni, uchimbaji ulioendelea tangu 1947 umetoa mikufu, hereni na mataji ya dhahabu vya karne ya 5 na ya 4 KK, kazi ya sonara wenye ufundi wa hali ya juu, iliyozikwa pamoja na wakubwa wa nchi.

Maelezo hayo yanashawishi, lakini hayawezi kuwa chanzo cha yote. Kondoo wa Phrixos na kafara ya Halos ni mambo ya Ugiriki ya kati, na Aia ilikuwako katika mashairi kabla Colchis haijajulikana. Inaelekea zaidi kwamba mabaharia waliokwisha kuwa na kisa cha ngozi ya dhahabu walifika mahali palipokuwa na ngozi zenye dhahabu, na hapo hadithi na nchi vikashikana visiachane tena.

Njia ya kurudi ndiyo inayodhihirisha zaidi jinsi kisa kilivyofuata ramani. Wa kwanza waliipeleka Argo kuupanda mto Phasis hadi bahari inayoizunguka dunia, kisha kusini na kutokea Libya. Wengine baadaye, walipogundua kwamba Phasis unaanzia milimani, waliipitisha kaskazini, mto Don. Apollonius anaipitisha Danube, ambao wasomi wa siku zake waliamini una tawi linaloingia bahari ya Adriatic, kisha mito ya Po na Rhône, hadi kwa Kirke, shangazi wa Medea. Baada ya dhoruba merikebu ikakwama kwenye mafungu ya mchanga ya Syrtis, na mabaharia wakaibeba mabegani kuvuka jangwa la Libya kwa siku 12 hadi ziwa la Triton. Huko mungu wa ziwa alimpa Euphemos, mmoja wao, bonge la udongo. Pindar aliueleza udongo huo katika wimbo wake mrefu kuliko zote, uliotungwa kwa ushindi wa magari ya farasi wa mwaka 462 KK wa Arkesilas, mfalme wa Kyrene katika Libya. Arkesilas alijihesabu kuwa wa uzao wa Euphemos. Kwa hiyo udongo uliotolewa kwa baharia wa Argo ulikuwa hati ya Wagiriki kumiliki ardhi ya Afrika, iliyotolewa, kwa maneno yao wenyewe, vizazi kadhaa kabla hawajafika.

Huko Iolkos, Pelias aliuawa na mabinti zake mwenyewe, waliodanganywa na Medea kwamba wakimkatakata na kumchemsha atarudia ujana. Jason na Medea walifukuzwa wakakimbilia Korintho. Hapo Jason akaposa binti wa mfalme. Mwaka 431 KK Euripides alileta jukwaani Athens tamthilia yake, ambamo Medea anamuua bibi harusi kwa nguo yenye sumu, kisha anawachinja watoto wake mwenyewe ili kumwachia Jason uchungu usio na dawa. Majaji walimpa Euripides nafasi ya tatu, yaani ya mwisho. Masimulizi mengine ya zamani yalisema watoto hao waliuawa na watu wa Korintho, na kwamba mji uliendelea kuwafanyia ibada ya toba. Toleo la Euripides ndilo lililoshinda. Jason, aliyevunja kiapo alichomwapia Medea, alikufa peke yake: alikuwa amelala chini ya Argo iliyooza ufukweni, boriti likamwangukia.

Kiapo hicho kilimfuata mbali. Mwaka 1430 Philip, mtawala wa Burgundy, alianzisha mjini Bruges chama cha mashujaa wa Kikristo kwa jina la Ngozi ya Dhahabu. Haukupita muda mrefu, viongozi wa kanisa wakaona aibu kumfanya mfano mtu aliyemtelekeza mkewe, wakaitafutia alama hiyo maana nyingine katika ngozi ya Gideoni ya Biblia.

Argo nayo iliwekwa angani. Ptolemy, katika karne ya 2 BK, aliihesabu miongoni mwa makundi 48 ya nyota, na nyota yake inayong'aa kuliko zote, Canopus, iliwekwa kwenye bapa la kasia la usukani. Mabaharia wa mwambao wa Afrika Mashariki na wa Oman wanaijua nyota hiyo kwa jina la Suheli na wameitumia kujua kusini ni wapi. Kundi lilikuwa kubwa mno. Lacaille, mnajimu wa Ufaransa aliyepima anga la kusini kutoka Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 na 1752, aliligawa kuwa mkuku, tezi na matanga, na mgawo huo ndio unaotumika hadi leo.

Mwaka 1984 Tim Severin, aliyekuwa amekwisha kusafiri kutoka Oman hadi China kwa jahazi la mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, alitoka Volos kwa merikebu ya makasia 20 iliyojengwa kwa mtindo wa kale katika kisiwa cha Spetses. Wapiga makasia wake waliivuka Bosporus kwa mikono, wakifuata ufuko kwa ufuko, wakafika Georgia majira yaleyale ya kiangazi. Huko Svaneti alionyeshwa jinsi ngozi ya kondoo inavyowambwa kwenye ubao na kulazwa kijitoni. Georgia yenyewe imekipokea kisa hiki kuwa chake: tangu 2007 uwanja mmoja wa Batumi una nguzo yenye sanamu ya Medea akiwa ameinua ngozi, na katikati ya Kutaisi, mji wa bonde la Rioni, chemchemi ya maji imepambwa kwa mifano mikubwa ya wanyama wa dhahabu waliofukuliwa Colchis.